Mkono wa Mtani Chunguni

1

Siku Yunisi alipofariki, chungu chake kilikuwa hakijala.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Yunisi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao nje ya mlango wa kituo cha tiba, akichuja nta ya nyuki kwa kitambaa. Akamwambia binti yake Foibe, "Hebu nishikie hiki, nipumzike kidogo." Foibe akakishika. Mama akafumba macho, akapumzika, na hakuinuka tena. Moyo ulikuwa umechoka bila kumwambia mtu. Majirani walipofika, walimkuta Foibe bado amekishika kile kitambaa, nta imemgandia vidoleni.

Kisha ndani ya kituo taa ya njano ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Chungu hakikujua habari za msiba. Kilichojua ni kwamba saa nane imefika na uji haujaletwa.

Foibe akaviacha vilio uani, akaingia jikoni, akakoroga uji mwepesi wa uwele, akatia vijiko viwili vya maji ya zabibu, akaanza kuupoza kwa kuumimina kutoka sufuria hii kwenda ile. Shangazi yake akamchungulia mlangoni, akadhani huzuni imemvuruga.

"Mwanangu, unampikia nani saa hizi?"

"Chungu, shangazi."

"Aa!" shangazi akasema, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akachukua sufuria ya pili. "Lete nikusaidie. Wewe unamwaga."

Katika kata ya Chiwondo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi ya hayo. Kila mtu mwenye zaidi ya miaka arobaini aliikumbuka miaka ambayo vidonge viliacha kufanya kazi, kimoja baada ya kingine. Mwiba ulikuwa unamlaza mtu kitandani, na mkwaruzo wa waya ulikuwa unamkata mtu mguu. Ndipo vilipoletwa vyungu, kimoja kwa kila kata. Jina lilikuwa la heshima tu; kwa kweli ni pipa la chuma cha pua lenye ukubwa wa mtungi wa maji, lenye kifuniko, kioo cha namba ubavuni, na utando laini juu yake kama ngozi ya maziwa. Ndani yake wanaishi bakteria wema waliotoka kwenye kiganja cha mtunza chungu. Kila asubuhi mtunza chungu huweka kiganja juu ya utando na kuhesabu hadi sitini. Bakteria hula uji, hunusa jasho la mwenyeji wao, na kwa furaha wanayoijua wenyewe hutengeneza peptidi: mnyororo mfupi wa protini, kama shanga kumi na moja zilizofungwa kuwa kikuku. Peptidi hiyo ikichanganywa na mafuta ya alizeti na nta huwa malhamu ya kupaka vidonda.

Yunisi alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wagonjwa. "Kijidudu kinajenga ukuta wake kila siku, sawa? Kina toroli moja la kubebea matofali. Malhamu hii haipigani nacho. Inaiba toroli." Halafu huinua kidole. "Lakini ni ya nje tu! Ukiila, itaenda kuiba toroli kwenye figo zako."

Alikitunza chungu hicho miaka ishirini na sita.

Kesho yake asubuhi, kabla ya maziko, Foibe aliingia kituoni, akanawa kwa maji matupu, akaweka kiganja chake pale mama yake alipokuwa akiweka. Akahesabu hadi sitini. Kioo kikafikiri, kikaandika: YUNISI, 100.

Alisoma mara mbili. Alikuwa anajua kwamba ngozi ya mtoto aliyelelewa na mama inaweza kuulisha ukoo wa bakteria wa mama. Haiwezi kuuanzisha upya, kwa sababu ukoo ule ulikuwa umefundishwa na vidonda vya miaka ishirini na sita, ila kuulisha inaweza, hata kwa miaka mingine ishirini na sita. Alikuwa amelisoma hilo kitabuni. Hakuwa amefikiria kwamba lingemjia kama jina la mama yake, limeandikwa kwa taa ya kijani, asubuhi ya kumzika.

Akatoka nje akaenda kumzika mama kwa utulivu uliowashangaza watu.

2

Siku ya tatu wakaja watani.

Wagogo wakifiwa, watani wao Wanyamwezi wana ruhusa zote. Wanaweza kulala juu ya jamvi la wafiwa na kukataa kuondoka. Wanaweza kumuiga marehemu. Aliyetaniwa hakasiriki, akikasirika, aibu ni yake. Na katika Chiwondo nzima hakuna mtani aliyekuwa hodari kama Kalunde, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye mashine ya kusaga karibu na njia panda, mzaliwa wa Urambo, ambaye unga wa mtama ulikuwa umemkaa mikononi hata ukimsalimia unabaki na alama.

Kalunde alifika akitembea kwa magoti tangu kwenye uzio, akilia kwa sauti kubwa.

"Yunisi ee! Umeniachia nani wa kunikaripia? Hawa waliobaki hawajui hata kukaripia! Wanajua mlenda tu!"

"Na nyinyi mnajua kubeba mizigo!" akajibu mjomba mmoja kutoka jamvini. "Ushushe huo mdomo, ni mzito!"

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kuibia. Kalunde akainuka, akaingia ndani bila hodi, akatoka amevaa aproni ya Yunisi. Akaketi kwenye kiti cha Yunisi. Akashusha miwani isiyokuwepo puani, akamtazama mjomba yule kwa dharau ileile ambayo Chiwondo yote iliifahamu.

"Wewe. Umeungua?"

"Nimeungua, mama."

"Na hiki cheupe ulichopaka ni nini?"

"Dawa ya meno, mama."

"Dawa ya meno! Kidonda kina meno? Kesho utakipigia mswaki? Ondoka mbele yangu! Hapana, rudi, kaa hapa. Mpumbavu. Lete mkono."

Ilikuwa sauti ya Yunisi kabisa, na ule mkono uliokuwa unatukana na kutibu kwa pamoja. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Foibe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na kicheko kilimwuma kifuani kama kitu kinachofunguliwa.

Kalunde akaona kwamba mambo yamekolea. Akainuka, akaingia kituoni, watu wote nyuma yake wakisukumana mlangoni.

"Na sasa ninamrithi! Nyinyi Wagogo mtakufa wote mmoja mmoja, na mimi nitabaki na chungu chenu!" Akafunua kifuniko, akainua mkono wa kulia juu hewani kama mtu anayeapa, akautumbukiza ndani mpaka kwenye kifundo.

Foibe alikuwa bado anacheka alipoona mkono ulipoishia.

Kalunde mwenyewe akatazama chini kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Akautoa polepole, unachuruzika, umefunikwa na vipande vya utando.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "nimezidisha?"

Watu wote wakamgeukia Foibe. Kulikuwa na jibu moja tu ambalo mila ililiruhusu, naye alilitoa kwa meno yaliyobanana.

"Umenikomesha, mtani. Mpeni jogoo."

Walipoondoka, Foibe akabaki peke yake na kioo. Kiliandika: YUNISI, 97. MGENI, 3.

3

Mgeni akiingia chunguni ana siku saba. Ndani ya siku hizo, kitufe chekundu kilichoandikwa CHUJA kinaweza kumtoa, na chungu kikarudi kama kilivyokuwa. Siku saba zikipita, mgeni anakuwa amezaliana mno. Wakati huo huwezi tena kuchuja. Unachagua mkono mmoja wa kulisha chungu, na ukoo wa mkono ule mwingine hufa taratibu. Ukijaribu kulisha kwa mikono miwili, koo mbili hupigana na chungu huchacha.

Foibe angebonyeza siku ileile. Lakini chujio husimamisha kazi siku moja nzima, na wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wanangoja malhamu. Akasema atabonyeza siku ya sita, wakiwa wameshapata.

Siku ya sita akaja Merina.

Merina alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alifanya kazi ya kupogoa mizabibu katika shamba la ushirika, naye alikuwa anatarajiwa kufunga ndoa mwezi ule. Wiki mbili nyuma mkasi wa kupogolea ulikuwa umempitia katika kiganja cha kushoto. Yunisi mwenyewe ndiye aliyemfunga mara ya kwanza.

"Shoga, fungua uone maajabu," Merina akasema, akaweka mkono mezani. "Nimeanza kunuka kama jibini. Mchumba wangu anasema ni marashi mapya. Ama kweli mapenzi upofu."

Foibe akafungua bandeji.

"Sema kitu, Foi. Ukinyamaza unafanana na mama yako akikasirika."

"Umepaka kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Na sijapaka dawa ya meno, kabla hujauliza."

Kingo za jeraha zilikuwa za kijani hafifu, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kwenda kwenye kifundo. Foibe akachukua pamba, akakipangusa kidonda, akaipaka ile pamba kwenye visahani viwili vya jeli. Kwenye cha kwanza akadondosha malhamu ya kabla ya msiba. Kwenye cha pili, malhamu ya asubuhi ile. Akaviweka kwenye joto, na kwa kuwa visahani vya siku hizi havihitaji kulala usiku kucha, wakanywa chai.

Baada ya saa mbili alivitoa. Malhamu inayofanya kazi huacha duara safi kuizunguka, kama mahali palipofagiliwa. Kisahani cha kwanza hakikuwa na duara. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka juu ya tone lenyewe, kana kwamba vilipewa chakula.

Kisahani cha pili kilikuwa na duara. Jembamba kama uzi, lakini lilikuwepo.

Foibe akakigeuza kwenye mwanga mara tatu. Kisha akainua macho kukitazama kioo cha chungu. YUNISI, 91. MGENI, 9.

"Nini?" Merina akauliza. "Uso wako umebadilika."

"Ngoja kidogo. Nataka kupima wengine."

Alikuwa na pamba za wagonjwa wote kumi na mmoja kwenye jokofu. Akaitenga kwanza peptidi ya mgeni na ile ya mama yake, kisha akafanya kazi mpaka alasiri, Merina akimsomea majina. Matokeo yalikuwa wazi mno. Kwa watu kumi, malhamu ya mama yake ilifagia duara pana, zuri. Ya mgeni nayo ilifagia, lakini kwa upana wa theluthi mbili tu. Hao kumi wangepona kwa vyovyote, ila kwa mgeni wangechelewa. Kwa Merina, ya mama haikufagia chochote.

Akampigia simu Mkaguzi wa Vyungu, bwana mmoja mpole aitwaye Ndahani, aliyekuwa na vyungu hamsini chini yake na sauti ya mtu anayekula karanga.

"Pole sana na msiba, dada Foibe. Mama alikuwa mwalimu wetu sote. Niambie."

Foibe akamweleza. Karanga zikanyamaza.

"Kijidudu hicho sijakisikia. Nitumie picha." Akangoja. "Vyungu vya jirani nitavijaribu sasa hivi kwa takwimu zao." Akangoja tena. "Hapana. Hapana. Na hapana. Samahani. Njia ya kawaida ni kumleta huyo dada mjini, wakakata mkono kabla kijidudu hakijafika juu. Wakati huohuo unachuja chungu chako, na watu wako kumi wanaendelea kupona haraka kama walivyozoea."

"Je, kijidudu hiki kitaenea?"

"Huenda. Huenda kikaishia kwake. Sijui, dada yangu, na nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Nikiomba chungu cha pili, niwe na vyote viwili?"

"Utakipata baada ya miezi minane."

"Kuugandisha ukoo mmoja?"

"Wakigandishwa huamka wamesahau kazi. Unalijua hilo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kanuni inasema mtunza chungu ndiye anayeamua. Mimi hupokea taarifa tu. Una mpaka kesho saa sita mchana."

Foibe akakata simu. Kumi kwa mmoja, akajiambia. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kumi ni zaidi. Aliirudia hesabu hiyo akifuta meza, akairudia akiosha visahani, na kadiri alivyoirudia ndivyo alivyozidi kuisikia kwamba ni kisingizio. Wale kumi wangechelewa siku chache. Merina angepoteza mkono. Hesabu ile haikuwa ya wagonjwa hata kidogo. Ilikuwa ya jina lililoandikwa kwa taa ya kijani.

Merina alikuwa bado ameketi, akipepea kidonda kwa kifuniko cha boksi.

"Nieleze," akasema. "Nimesikia 'wakakata mkono'. Sina uziwi, nina kidonda."

Foibe akamweleza yote, bila kupunguza. Alieleza mpaka na habari ya kioo, na asubuhi ile kabla ya maziko.

Merina akaacha kupepea, akakitazama chungu. "Kwa hiyo mama Yunisi yumo humo."

"Si yeye. Ni bakteria wa kiganja chake."

"Foi, usinifundishe sayansi, nimekuuliza kama rafiki."

"Ndiyo," Foibe akasema. "Yumo humo. Hicho ndicho kilichobaki cha kuwa hai."

"Sasa mimi usiniulize nichague." Merina akautazama mkono wake, akachezesha kidole cha pete. "Nikisema chuja, nimejikata mwenyewe. Nikisema usichuje, nimemzika mama yako mara ya pili. Na mwezi huu nimeshanunua sare za msimamizi wangu, ambaye ni wewe. Lakini nitakwambia kitu kimoja. Huyu mchumba wangu ameshaniuliza pete itavaliwa kwenye kidole cha nani. Alikuwa anatania. Usiku nikamsikia analia bafuni."

Akajifunga bandeji, akaondoka.

4

Kesho yake saa tatu asubuhi Foibe alikwenda njia panda. Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma, na Kalunde alikuwa amesimama kwenye wingu la unga, mweupe kuanzia nyusi. Alipomwona Foibe akazima mashine. Tangu siku ile ya jogoo alikuwa hajapita karibu na kituo.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na hofu.

"Mbukwa. Nionyeshe mikono yako."

Kalunde akaificha nyuma. "Unataka kuikata? Mila hairuhusu."

"Nataka kuiajiri."

Kalunde akamtazama kwa makini kuona utani uko upande gani. Foibe akamwonyesha picha ya kisahani cha pili, lile duara jembamba kama uzi. Akamweleza kwamba kilichofanya duara lile kimetoka kwenye ngozi yake, na kwamba inaelekea ni miaka thelathini ya unga wa mtama ndiyo iliyowafundisha bakteria wake jambo ambalo wengine hawalijui.

"Unataka kuniambia," Kalunde akasema polepole, "kwamba katika mkoa huu wote wa Wagogo, dawa imepatikana kwa Mnyamwezi?"

"Nilijua utasema hivyo."

"Nitasema mpaka nife! Nitaandika ukutani!" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia ghafla, akaketi juu ya gunia. "Lakini mimi sikuomba kazi, mtani. Nilikuwa nataka watu wacheke tu. Na mimi nicheke. Yunisi alikuwa anapita hapa kila jioni kunitukana, na tangu Jumanne ile hakuna aliyepita. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Najua."

"Umenikasirikia?"

"Sana."

"Vizuri. Hakuna aliyethubutu kuniambia."

Foibe akaketi kwenye gunia la pili. Akamweleza masharti: kila asubuhi kiganja juu ya utando, hadi sitini, asitumie sabuni kali, asisafiri zaidi ya siku tatu, na aendelee kusaga, kwa sababu unga ndio uliofanya mkono uwe ulivyo. Na akamweleza jambo la mwisho, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amweleze: ukoo wa Kalunde ukilishwa, ukoo wa Yunisi utakwisha.

Kalunde akavuta pumzi. "Kwa hiyo nikikubali, mimi ndiye ninayemtoa."

"Mimi ndiye ninayemtoa. Wewe unaleta mkono tu."

"Na wewe utafanya nini kituoni, kama mkono si wako?"

"Malhamu haijichanganyi. Na wagonjwa wanahitaji mtu wa kuwakaripia."

"Hapo umeharibu. Wewe hujui kukaripia." Kalunde akainuka, akakung'uta unga. "Nina sharti moja. Katika kile kioo, nisiandikwe mgeni."

Walifika kituoni saa tano na nusu. Foibe akasimama mbele ya chungu. Kitufe chekundu kilikuwa mahali pake. Aliweka kiganja, lakini si juu ya utando. Alikiweka ubavuni, kwenye chuma, palipokuwa na joto kama ubavu wa kuku anayeatamia. Kalunde, ambaye alikuwa na ruhusa ya kusema lolote katika msiba huu, alisimama tu nyuma yake akingoja.

Saa sita ikapita. Taa ya kitufe chekundu ikazimika yenyewe. Foibe akafungua ukurasa wa watunza chungu, akafuta neno MGENI, akaandika herufi moja moja: KALUNDE.

"Haya," akasema. "Mkono wa kulia. Hesabu hadi sitini."

"Kwa Kinyamwezi?"

"Hesabu kwa unachotaka."

Kalunde akahesabu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya juu, akipotea kwenye arobaini na kurudia.

5

Merina alipakwa malhamu mpya siku tatu baadaye, ilipokuwa imekolea vya kutosha. Kabla ya kumpaka, Foibe alimwambia inaweza isifaulu. Merina akamjibu apake tu, maneno atayapata kanisani. Siku ya nne mstari mwekundu ukasimama. Siku ya saba ukarudi nyuma. Siku ya kumi na mbili ngozi nyekundu changa ilianza kutambaa kutoka kingoni, na Merina akapita nyumba kwa nyumba akionyesha watu kiganja chake kama mtu aliyeokota almasi.

Wengine hawakufurahi. Mzee mmoja mwenye jipu la kisigino alikuja kulalamika kwamba malhamu imekuwa mvivu.

"Enzi za mama yako ningekuwa nimeshapona!"

"Ni kweli, babu," Foibe akasema. "Ungekuwa umeshapona."

"Sasa kwa nini umebadilisha?"

Angeweza kumpa maneno ya kitaalamu. Badala yake alikaa mbele yake, akamwonyesha visahani viwili, akamweleza kiganja cha Merina. Mzee akasikiliza, mdomo umekunjwa.

"Kwa hiyo mimi ninaumwa siku tatu zaidi ili yule binti aolewe na mikono miwili."

"Ndiyo, babu."

Mzee akafikiri. "Ungeniuliza kwanza."

Mzee alikuwa sahihi. Tangu siku ile akaweka benchi nje ya kituo, na kila jambo la chungu likawa linasemwa hapo kwanza, mbele ya wenye vidonda, hata kama lilichosha.

Kioo kiliendelea kuandika. YUNISI, 60. Halafu 31. Halafu 12. Foibe alikuwa akikitazama kila asubuhi baada ya Kalunde kuondoka kwenda mashineni, na kila asubuhi aliandika namba ile kwenye daftari lake, na chini yake jambo moja ambalo mama yake aliwahi kusema. Namba ndogo zilipofika aliona kwamba mambo ya kuandika yalikuwa bado mengi. Kijidudu kile cha Merina kilijitokeza kwa wapogoaji wawili zaidi, na Ndahani akapiga simu, safari hii bila karanga, kuomba kikombe kimoja cha malhamu kwa ajili ya kata ya jirani. Kalunde akasema kitatoka kikiwa kimeandikwa jina lake kwa herufi kubwa, na kikatoka hivyo.

Siku ya Alhamisi, baada ya mvua ya kwanza, kioo kiliandika jina moja tu. Foibe alikuwa na mgonjwa wakati huo, mama aliyeng'atwa na mbuzi, naye alimaliza kumfunga kwanza, akamkaripia kwa kuweka majivu, akamwambia arudi Jumatatu. Kisha akafungua daftari akaandika sifuri.

Kidonda cha kawaida Chiwondo sasa kinapona kwa siku tisa. Zamani kilikuwa kinapona kwa siku sita.